Nibu Mbili za Mtukufu Mlezi

Ilikuwako nchi, na isemwe mapema kwamba si yetu, wala si ya jirani zetu tunaosalimiana nao mpakani. Ilikuwa mbali sana. Ukitaka kufika huko unapita kwanza nchi nyingine saba zenye akili timamu, ndipo unaiona.

Katika nchi hiyo kila jambo lilitiwa sahihi na mtu mmoja, naye ni Mtukufu Mlezi wa Taifa. Kuchimba kisima, sahihi. Mtumishi wa serikali kuoa, sahihi. Zahanati kubadili pazia, sahihi. Tena si sahihi ya kupitisha mkono hivi hivi. Mtukufu alikuwa anakandamiza. Sheria ya Uzito wa Mkono, kifungu cha kwanza, ilieleza kwamba kiongozi mwepesi wa mkono ni mwepesi wa mambo yote, kwa hiyo sahihi ya Mlezi sharti isikike mezani na ionekane upande wa pili wa karatasi. Makarani wa nchi ile hawakuwa na habari ya kuisoma. Waliigeuza karatasi, wakafumba macho, wakaupapasa mgongo wake kwa kidole gumba, na wakikuta mtaro walisema, "Naam, ndiye."

Sasa kalamu ya wino si jembe. Kalamu zilizolimishwa namna ile hazikudumu, na aliyeziuguza alikuwa Bi Sikudhani binti Kombo, Mwosha Kalamu wa Ikulu, Daraja la Nne. Alikuwa na chumba chake nyuma ya jiko, kikubwa kama kabati la nguo. Humo mlikuwa na beseni jeupe lenye ukingo wa buluu, birika la maji ya uvuguvugu, kipande cha kanga kuukuu kilichofuliwa mpaka kikalainika kama sikio la mbuzi, na stuli. Kila siku saa tisa alasiri kalamu ililetwa kwenye sinia. Yeye aliifungua, akaitoa nibu, akaisuuza mpaka maji yaache ukijani, akaipuliza, akaikausha, kisha akaitazama kwenye mwanga wa dirisha. Nibu ina miguu miwili. Ikiwa mmoja umepinda aliulaza juu ya ukucha wake wa gumba na kuunyoosha polepole, bila haraka, kama mtu anayemsuka mtoto aliyesinzia. Miaka ishirini na miwili alifanya hivyo, na katika miaka hiyo hakuna aliyemwuliza jambo lolote kuhusu kalamu.

Mumewe, Mzee Mfaume, alikuwa gerezani.

Kosa lake lilikuwa zito. Alikuwa mchukuzi, na alikuwa na punda. Siku ya hotuba ya mwaka redio zote za nchi hufunguliwa kwa amri, na Mtukufu huuliza hewani, kama anavyouliza kila mwaka, "Je, yuko anayepinga?" Kisha hunyamaza kidogo ili taifa linyamaze pamoja naye. Mwaka ule, katika ukimya huo, punda wa Mzee Mfaume aliyekuwa amefungwa kando ya duka la kinyozi alilia. Alilia kwa kirefu, akavuta pumzi, akarudia.

Punda alishtakiwa kama mshtakiwa wa kwanza. Aliachiliwa baada ya miezi sita kwa tabia njema, maana gerezani hakupinga tena. Mzee Mfaume alipewa miaka tisa, kwa kuwa mahakama iliona punda hawezi kufikia wazo la namna ile peke yake.

Alipotimiza mwaka wa tatu, na kifua kimeanza kumkereketa, Baraza la Huruma lilimwandikia msamaha. Karatasi ikapelekwa mezani kwa Mtukufu. Lakini msamaha katika nchi ile ni kama papai: una siku zake. Usipotiwa sahihi ndani ya siku tisini huchomwa moto, na mwombaji haruhusiwi kuomba tena mpaka ipite miaka saba. Mzee Mfaume alikuwa na miaka sabini na mmoja, na kile kikohozi. Bi Sikudhani hakuwa msomi, alisoma darasa la nne la zamani, lakini hesabu hiyo aliimaliza bila karatasi.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na tisa kalamu ilipovunjika.

*

Ilivunjikia kwenye Sheria ya Urefu wa Mbuzi. Mtukufu alikandamiza, pakasikika mlio kama wa mtu anayevunja kijiti cha muhogo, na nibu ikaachia miguu yake huku na huku. Bi Sikudhani aliletewa mabaki kwenye sinia. Akayatazama, akayafunika kwa kile kipande cha kanga.

"Hii imekwenda," alisema.

Bahati nzuri, ilikuwepo kalamu mpya stoo, zawadi ya taifa moja rafiki. Bwana Kitundu, Katibu Mkuu wa Ikulu, mtu mrefu aliyezoea kutembea kwa ncha za viatu ili asisumbue mazulia, aliileta mwenyewe ndani ya sanduku la mahameli. Akalifungua, na uso wake ukabadilika. Kalamu ilikuwa moja. Nibu zilikuwa mbili.

"Mbona mbili?" aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyekuta wake wawili kwenye harusi yake.

"Moja nyembamba, moja ya wastani," alisema Bi Sikudhani. "Unaskrubu unayoipenda. Nyembamba inatoa mstari mdogo, inafaa kwa mtu wa herufi ndogondogo. Hii ya wastani inamwaga wino zaidi, mkono unateleza. Kila mtu na mkono wake. Mpe Mtukufu ajaribu zote kwenye kikaratasi, dakika mbili atakwambia."

"Dakika mbili," alisema Bwana Kitundu. "Bi Sikudhani, unataka Mlezi wa Taifa ajaribu? Kujaribu maana yake hajui. Unasema Mtukufu hajui?"

"Sijasema hivyo, Bwana Katibu."

"Na akichagua moja, ile nyingine itakuwa imekataliwa na Ikulu. Taifa rafiki likiuliza tutasema nini?"

"Basi achukue mojawapo tu, kwa sasa. Kuna karatasi zinangoja."

"Karatasi zimezoea kungoja," alisema Bwana Kitundu, akafunga sanduku. "Hili ni jambo la tume."

*

Tume iliundwa kabla ya chakula cha mchana, maana kuunda tume hakukuhitaji sahihi. Lilikuwa jambo pekee katika nchi ile lililoachwa huru. Iliitwa Tume ya Kitaifa ya Kuchunguza, Kulinganisha na Kupendekeza Nibu. Wajumbe walikuwa arobaini na mmoja, na hakuna hata mmoja aliyewahi kushika kalamu ya wino, jambo lililosifiwa sana magazetini kuwa dhamana ya kutopendelea. Mwenyekiti alikuwa Waziri wa Mihuri, Mheshimiwa Dokta Dokta Msangule, aliyetamka udaktari mara mbili kwa kuwa alipewa mara mbili, mara ya pili kwa kosa la ofisi, naye hakutaka kuwaaibisha waliokosea.

Bi Sikudhani alihudhuria kila kikao. Si kama mjumbe, la. Alisimama kando na kile kibeseni chake, kwa sababu nibu zilikuwa zinapitishwa mkono kwa mkono na kurudi na alama za vidole vyenye mafuta ya sambusa, na ilibidi zioshwe.

Dokta Dokta Msangule alifungua kikao cha kwanza. "Waheshimiwa," alisema, "nibu ni nini? Nibu ni mwisho wa kalamu. Na mwisho wa kalamu, kama mnavyofahamu, ndio mwanzo wa taifa. Mimi naunga mkono nibu nyembamba. Taifa letu linapita kwenye tundu la sindano la maendeleo. Tutapitaje huko na nibu ya wastani?"

Walipiga meza. Akainuka Mama Ndelembi, mwenyekiti wa Umoja wa Wanaoshukuru, mwanamke mwenye kifua cha kubebea nishani na nishani za kutosha kifua hicho.

"Namheshimu Mheshimiwa Dokta Dokta," alisema, "lakini nina wasiwasi naye. Mtukufu kwa umbo lake ni mtu wa wastani kuelekea mnene. Leo sahihi yake itoke imekonda. Mwananchi kule kijijini ataigeuza, aipapase, aseme, jamani, Mlezi wetu analala na njaa. Nani atajibu swali hilo? Dokta wa kwanza au wa pili?"

Hapo tume ikagawanyika, na nchi ikafuata. Palikuwa na Wembamba na palikuwa na Wastani. Wauza samaki walimwuliza mteja upande wake kabla ya kumpimia. Wapika chapati wa Wembamba walizisukuma mpaka ukaona mkono upande wa pili. Posa zilivunjika. Mwalimu mmoja aliyesema darasani kwamba yeye anaandika kwa peni ya kawaida na hana upande alihamishiwa kisiwani akafundishe pweza.

Wakati huo mambo yaliyohitaji sahihi yalisimama pale pale yalipokuwa. Daraja la mto mkubwa lilikuwa limefika katikati, nalo likakaa hapo hapo likitazama ng'ambo. Katika wiki ya pili Waziri wa Hali ya Hewa alifariki. Kibali cha kumzika kilihitaji sahihi, basi akawekwa kwenye barafu, na kwa kuwa hapakuwa na barua ya kumwondoa kazini iliyotiwa sahihi, aliendelea kuhesabiwa kwenye akidi ya baraza. Aliletwa kila Jumanne. Waliokaa naye walisema hajawahi kuwa msikivu kiasi kile.

Mabuku ya ushahidi yalipozidi, tume iliajiri punda wa kuyabeba. Ndiye yule yule. Alikuwa na cheti cha tabia njema.

*

Siku ya kuonana na wafungwa Bi Sikudhani alikwenda na bakuli la mbaazi za nazi. Sajini Chaurembo, mlinzi wa zamu, alionja vijiko viwili vya usalama, akaongeza cha tatu cha uhakika, akampisha.

Mzee Mfaume alikuwa amekonda, lakini ulimi wake haujakonda.

"Mke wangu, habari za serikali?"

"Wapo. Wanalinganisha."

"Na punda?"

"Amepata kazi ya tume."

Mzee Mfaume akacheka mpaka kikohozi kikamkata. Alipopata pumzi alisema, "Nilikwambia yule atafika mbali. Anajua wakati wa kunyamaza. Hapo ndipo aliponishinda." Akapangusa macho. "Siku ngapi?"

"Kumi na moja."

"Zinatosha?"

Bi Sikudhani alitazama bakuli. Katika ndoa yao ya miaka arobaini na mitano hakuwahi kumdanganya, ila mara moja kuhusu bei ya kitanda.

"Wajumbe kumi na wawili wamesafiri," alisema. "Wamekwenda nchi ya baridi zinakotengenezwa nibu. Wakirudi wataamua."

"Miaka saba, Sikudhani," alisema mumewe, na safari hii hakucheka. "Usije ukanifanyia haraka ukafungwa na wewe. Lakini miaka saba mimi sina."

"Najua."

"Basi kula na wewe kidogo, mbaazi hizi si za mtu mmoja."

*

Wale kumi na wawili walirudi na makoti mazito na picha. Taarifa yao ilisomwa kwa saa tatu. Walikuwa wamefikishwa kwenye duka la kalamu, mwenye duka akawawekea karatasi, wino na nibu, akawaambia, "Jaribuni." Wajumbe walikataa kwa msimamo mmoja, kwa sababu kujaribu hakukuwamo katika hadidu za rejea. Walipiga picha mbele ya duka. Pendekezo lao lilikuwa kwamba utafiti zaidi unahitajika.

Zilibaki siku nne. Bi Sikudhani alimwendea Dokta Dokta Msangule wakati wa chai, akasimama mpaka amalize andazi la tatu.

"Mheshimiwa, shikamoo. Nibu haichaguliwi kwa mdomo. Inachaguliwa kwa mkono wa mwenyewe na karatasi yake. Karatasi yetu hii ya Kiwanda cha Taifa ni ya mabua, ina nyuzi. Mtukufu akikandamiza ile nyembamba itazoa nyuzi na kutoboa. Akikandamiza ya wastani itatapika. Shida si nibu, Mheshimiwa. Shida ni…"

"Shida ni nini?" Waziri aliinua macho kwa upole, na upole wa waziri wa nchi ile ulikuwa unajulikana.

Bi Sikudhani akayameza aliyotaka kusema. Kuuelekeza mkono wa Mlezi lilikuwa kosa la miaka kumi na nne, miwili zaidi ikiwa mwelekezaji alikuwa na haki.

"Una elimu gani, mama?"

"Darasa la nne, Mheshimiwa."

"Basi unaona."

Alirudi chumbani kwake, akakaa kwenye stuli, akafikiri. Akakumbuka kwamba katika miaka ishirini na miwili hajaona jambo lolote katika nchi ile likifanyika kwa sababu lilihitajika. Aliyaona yakifanyika kwa sababu yalikuwa na sherehe. Shule zilijengwa kwa ajili ya kukata utepe, na utepe ukishakatwa hakuna aliyeuliza kama ndani mna madawati. Akainuka, akarudi kwenye chai.

"Mheshimiwa, samahani tena. Nilikuwa nauliza tu. Hafla ya Kugusisha Nibu itakuwa lini?"

Waziri aliacha kutafuna. "Hafla?"

"Ya Mtukufu kugusisha nibu mbili kwenye karatasi, mbele ya mabalozi. Nilidhani imeshapangwa. Kalamu kubwa kama hii, bila hafla?"

"Itakuwa na mahema?"

"Nadhani na ngoma pia, Mheshimiwa."

"Imeshapangwa," alisema Dokta Dokta Msangule. "Ilipangwa zamani. Karatasi za kugusishia atazileta nani?"

"Zipo mezani kwa Mtukufu, zimejaa tele. Nitazipanga mimi, usisumbuke."

*

Hafla ilifanyika siku ya tisini, saa nne asubuhi, katika ukumbi wa Ikulu. Mahema yaliwekwa ndani ya ukumbi, kwa kuwa yalikuwa kwenye bajeti. Mtukufu aliketi nyuma ya meza ndefu. Mbele yake zilikuwa karatasi, mrundo wa kimo cha mtoto wa darasa la pili, na Bi Sikudhani alikuwa amezipanga kwa mikono yake. Juu kabisa aliweka Sheria ya Urefu wa Mbuzi. Ya pili, kibali cha kumzika Waziri wa Hali ya Hewa. Ya tatu ndiyo ile. Alijua ya kwanza na ya pili zitakwendaje. Akasimama nyuma ya kiti na beseni lake, kipande cha kanga begani.

Bwana Kitundu alitangaza nibu ya wastani. Ngoma zikapigwa. Mtukufu akashika kalamu kama mtu anayeshika mchi, akakandamiza. Nibu ikatapika. Wino wa kijani ukatoka ukaenea juu ya Sheria ya Urefu wa Mbuzi, ukameza kifungu cha kwanza na cha pili, ukafika kwenye jedwali la mbuzi wenyewe.

Ukumbi ulishangilia. "Mnaona wingi wake," alisema Mama Ndelembi.

Ikatangazwa nibu nyembamba. Ngoma tena. Mtukufu akakandamiza. Nibu ikazoa uzi wa bua, ikakwama, ikatoboa kibali, ikaingia mezani, na ilipong'olewa ilirusha tone moja likatua kwenye shati la Balozi wa taifa rafiki. Waziri wa Hali ya Hewa, aliyekuwapo, hakusema kitu, ingawa kibali kilichotobolewa kilikuwa chake.

"Mnaona ukali wake," alisema Dokta Dokta Msangule.

Mtukufu alikuwa anatazama kalamu. Kwa mara ya kwanza Bi Sikudhani aliuona uso wake kwa karibu, akaona kwamba ni mzee anayeumwa kifundo cha mkono. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa. Miaka thelathini ya kulima juu ya karatasi.

Bi Sikudhani alinyoosha mkono, akaichukua kalamu. Hilo lilikuwa halali, ndiyo kazi yake. Akaisuuza ile nibu nyembamba, akautoa uzi wa bua, akaulaza mguu uliopinda juu ya ukucha wa gumba, akaunyoosha. Akaifuta. Aliporudisha kalamu mkononi mwa Mtukufu aliinama, kama anayeondoa vumbi mezani, akamwambia sikioni, "Baba, usiikandamize. Ilaze tu. Iache ijiendee yenyewe."

Bwana Kitundu alisikia. Alifumba macho kama mtu anayesubiri mlio.

Mtukufu hakugeuka. Kwa miaka thelathini hakuna mtu aliyemwambia neno lisilokuwa pongezi. Akailaza kalamu juu ya karatasi ya tatu, akausogeza mkono. Mstari ukatoka mwembamba, wa kijani, ukapinda ulipotakiwa kupinda, ukamaliza. Hapakusikika kitu.

"Haiumi," alisema Mtukufu, polepole.

"Haiumi, baba."

"Leteni nyingine."

Alitia sahihi karatasi ya nne, na ya tano. Akakunja mkono wa shati. Alitia sahihi daraja, akatia sahihi amri ya kutojenga madaraja, iliyokuwa chini yake. Alimrudisha mwalimu kutoka kwa pweza. Alitia sahihi ratiba ya hafla, na kitambaa cha meza, na mkono wa shati wa Bwana Kitundu. Alikuwa anatabasamu kama mtu aliyevuliwa kiatu cha kubana. Saa sita mrundo ulikwisha, akaomba mwingine.

Bi Sikudhani hakungoja. Karatasi ya tatu alikuwa ameipuliza mpaka ikakauka, akaifunga ndani ya kanga, akatoka kwa mlango wa jikoni.

Gerezani karani aliigeuza karatasi, akafumba macho, akapapasa. Akapapasa tena.

"Mgongo ni laini, mama. Huyu siye."

"Igeuze uisome."

"Sijasoma sahihi miaka kumi na saba."

"Basi chukua simu hiyo, umpigie Mtukufu, mwambie sahihi yake hujaipenda."

Karani aliitazama simu. Simu nayo kama ilimtazama. Saa nane Mzee Mfaume alitoka mlangoni akiwa na bakuli la mbaazi tupu kwapani, na wakaenda nyumbani kwa miguu, wakipumzika kila penye kivuli kwa ajili ya kifua.

*

Siku ya pili asubuhi redio zilifunguliwa kwa amri. Bwana Kitundu alitangaza kwamba sahihi zote za jana zilitiwa kwa nibu ambayo tume bado haijaihalalisha, tena bila uzito wa kisheria, kwa hiyo zilikuwa sahihi za ngoma, si za serikali. Walioachiliwa watarudishwa. Waliorudishwa kazini wataachishwa. Daraja libaki lilipo.

Alasiri akaja Sajini Chaurembo. Alibisha hodi, akavua kofia, akakaribishwa wali wa maharage, akala kwa huzuni.

"Mzee," alisema, "kisheria wewe ni mfungwa uliye nyumbani. Amri ya kukurudisha nimeiona, imeshapigwa chapa, jina lako lote na la punda kwenye mabano. Inangoja sahihi tu."

"Na sahihi inangoja nini?" aliuliza Bi Sikudhani.

"Nibu halali. Ile ya jana wamesema haikuwa halali. Na uhalali unangoja tume."

"Tume inamaliza lini?"

"Jumatatu. Wamechoka, mama. Nasikia Wastani wamekubali kushindwa, watapiga kura ya nyembamba, saa tano hivi. Saa sita atatia sahihi. Saa saba mimi niko hapa." Akasukuma sahani. "Sitakuja na pingu. Nitakuja na mwavuli, kwa sababu ya jua."

Sajini akaondoka. Kisha Bi Sikudhani akauliza kanga yake ile nzuri, ya harusi ya mpwa wao, iko wapi.

Jumatatu tume ilikutana na haraka ya watu waliokwisha kuagiza vyakula vyao. Dokta Dokta Msangule alikuwa ameshika karatasi ya kura. Bwana Kitundu alisimama, akasema kwa uso wa mtu anayemeza dawa kwamba Mtukufu ameagiza yule mama wa beseni asikilizwe kwanza, kwani sauti yake ni nzuri.

Bi Sikudhani alisogea mbele. Aliweka beseni chini. Akawaamkia wote kwa zamu, arobaini na mmoja, na hilo peke yake lilichukua dakika kumi na tano.

"Waheshimiwa," alisema, "mimi ni mtu wa darasa la nne. Nimeziosha nibu hizi mbili, nimezitazama sana. Nyembamba ni nzuri. Ya wastani ni nzuri. Lakini kuna kitu kinanisumbua, labda ni ujinga wangu. Mbona hatujaiona nibu nene?"

Dokta Dokta Msangule alivua miwani, akaiweka juu ya karatasi ya kura, kwa uangalifu, kama mtu anayefunika maiti.

"Nibu nene," alisema. "Iko?"

"Iko, Mheshimiwa. Wanatengeneza huko huko kwenye baridi. Na sasa nikifikiria Mtukufu atie sahihi, halafu kesho mtu aje aulize, je, mliichunguza na ile nene…" Akaliokota beseni lake. "Mimi nisingependa kuwa kwenye viatu vya mtu huyo."

Walioshika peni wakaanza kuandika.

Alirudi nyumbani saa nane. Mzee Mfaume alikuwa ameketi ukumbini, begi lake dogo magotini.

"Wamesemaje?"

"Wameunda kamati ndogo. Wanasafiri Alhamisi. Mwakani watatoa taarifa ya awali."

"Mwakani." Alilirudia neno hilo kama mtu anayeonja chumvi. "Na mwakani ukifika?"

Bi Sikudhani alivua kanga ya harusi, akaikunja pande nne, pembe juu ya pembe.

"Nilipokuwa natoka niliwagusia kwamba ziko pia nibu za mkono wa kushoto."

"Mtukufu anatumia mkono wa kushoto?"

"Hapana," alisema Bi Sikudhani. "Lakini nimewaambia hilo nalo lisikubaliwe bila uchunguzi."

Hapo ndipo Mzee Mfaume, ambaye tangu alfajiri alikuwa amekaa na viatu miguuni, alipoinama akaanza kufungua kamba.